Utepe Mweusi wa Mwenye Vioo

Nilimuua Mwenye Vioo kwa kalamu ya bluu, mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, huku chai yangu ikipoa mezani. Sikujua kama nimemuua. Nilidhani amekufa mwenyewe.

Acha nieleze vizuri, maana watu wa hapa wakisikia nusu ya jambo, nusu ya pili wanajitungia. Mimi ni katibu wa parokia. Huu mwaka wa kumi na saba nakaa kwenye ofisi ile yenye dirisha moja na kabati lisilofungika, naandika vyeti vya ubatizo, napokea simu, nagombana na watu wanaotaka kufunga ndoa kesho. Parokia yetu ni maskini, nasema bila aibu. Sadaka ya Jumapili inatosha mishumaa, umeme na mafuta ya pikipiki ya Padre, mengine tunamwachia Mungu. Shule yetu ya madarasa manne, ile iliyo nyuma ya kanisa, haiendeshwi na sadaka hiyo. Inaendeshwa na waumini wa parokia kubwa za mjini, wanaotoa kupitia Mfuko wa Kusaidiana wa jimbo. Kati yao, mtu mmoja na mkewe ndio waliolipa mishahara ya walimu wetu watatu kwa miaka tisa mfululizo, na hawakuwahi kutia mguu kwetu.

Hawakutaka kutajwa majina. Mume alikuwa na duka la vioo vya madirisha, kwa hiyo kwenye kitabu chetu tukawaandika Mwenye Vioo na Mama wa Vioo, na hata watoto wa darasa la kwanza wanawajua hivyo hivyo.

Kitabu chenyewe kina tepe mbili. Wa kijani unakaa kwenye ukurasa wa wafadhili walio hai, ambao tunawaombea afya. Mweusi unakaa kwa marehemu. Kila Jumapili katekista anasimama mbele na kuwataja wote, na kanisa zima linaitikia. Hatuna kingine cha kuwapa watu wale. Wanatoa, tunawaombea, na mimi hilo nalichukulia kwa uzito kuliko cheti chochote ninachopiga muhuri.

Basi mwezi wa tatu ikaja barua ya ofisi ya Mfuko. Mistari miwili tu: familia ya Mwenye Vioo imefiwa, tuikumbuke katika sala. Nilijua mzee ana ugonjwa wa moyo, mkewe ndiye aliyeniambia kwenye simu, mama mmoja mchangamfu, sauti yake ukiisikia unajua huyu mtu hajui hata dawa ya kichwa inafananaje. Sasa wamefiwa na nani tena, kama si yule mgonjwa? Sikupiga simu kuuliza. Mdogo wangu huniambia kila siku kwamba mimi najibu kabla sijaulizwa. Nikamkata mzee kwenye kijani, nikamwandika kwenye mweusi. Mama nikamwacha alipo, nikamwongezea maneno: apate afya na faraja. Katekista nikamtajia mabadiliko yote kwa mdomo. Kisha nikamwandikia mama barua ya rambirambi, kurasa mbili, mjane kwa mjane, nikamweleza kwamba kila Jumapili saa tatu watoto wanamwombea afya. Hakujibu. Nikasema, masikini, bado ana uchungu.

Miezi minane ikapita.

Padre wetu ni kijana, aliletwa baada ya Pasaka, kwa hiyo alimkuta Mwenye Vioo ni marehemu tayari na akazoea. Ijumaa moja akaingia ofisini, kofia ya pikipiki bado kichwani.

"Mama Katibu, yule marehemu wa vioo ana mtoto wa kiume?"

"Sijui, Padre. Kuna nini?"

"Karani wa Mfuko amenipigia. Anasema Mwenye Vioo anakuja kusali kwetu Jumapili hii, na fomu ya ahadi anakuja nayo. Nadhani ni mtoto aliyerithi duka."

Fomu hiyo ndiyo iliyokuwa ikitukosesha raha sote. Ahadi yao ya miaka mitatu ilikuwa inaisha mwezi wa kumi na mbili, na ofisi ya elimu ya jimbo ilishatuandikia bila kupepesa maneno: bila fomu mpya yenye saini, shule inafungwa mwisho wa mwaka. Watoto mia moja na arobaini. Shule nyingine iko ng'ambo ya barabara kuu, mwendo wa saa nzima kwa mguu wa mtoto. Mimi nawajua wazazi wao mmoja mmoja. Theluthi ya wale watoto wangebaki nyumbani, na hakuna ambaye angewafuata.

Padre alipotoka nikampigia karani, nijue mtoto huyo anapenda soda au maji.

"Mtoto gani, mama?" akasema. "Hawakujaliwa mtoto. Anakuja mzee mwenyewe. Tangu mkewe afariki ule mwezi wa tatu alikuwa hatoki, hata sisi tumeshangaa."

Nilishukuru, sijui nilimshukuru nini, nikaweka simu. Nikavuta kitabu, nikakifungua penye utepe mweusi, nikamwona mzee wa watu pale, kwa mwandiko wangu mzuri, katikati ya askofu mstaafu na yule mama aliyetupatia kengele. Nikafungua penye kijani. Mkewe yuko pale, apate afya na faraja. Nikahesabu Jumapili kwa vidole hadi vidole vikaniishia. Mwanamke wa watu amekufa na hatukumwombea raha ya milele hata mara moja, na mumewe tulikuwa tunamzika kila wiki. Na barua. Barua nilimtumia maiti, kumpa pole ya kifo cha mtu ambaye ndiye angeifungua.

Mdogo wangu, yule anayefundisha darasa la kwanza, alinikuta nimekaa sakafuni kati ya kabati na meza. Nilimweleza. Alinisikiliza mkono ukiwa mdomoni, chaki imemjaa hadi kwenye nyusi.

"Kuna mwingine anayejua?"

"Mimi na wewe."

"Basi dada, funga mdomo. Badilisha kitabu, Jumapili asikie mambo yako sawa, asaini, aende zake. Barua huenda ilipotea."

"Na kama haikupotea?"

"Kama haikupotea utasema ni ya mtu mwingine. Unaongea mwaka mzima, leo ndiyo umekosa la kusema?"

Nilimsikiliza kwa sababu nilitaka kumsikiliza. Jumamosi saa kumi jioni, nikiwa peke yangu ofisini, nilikata kurasa zote mbili kwa wembe na kuziandika upya. Mwenye Vioo nikampeleka kwenye kijani. Mama wa Vioo nikampeleka kwenye mweusi. Nikaharibu karatasi mbili. Zile za zamani nikazichoma kwenye ndoo nyuma ya choo, nikitazama huku na huku, mimi, mwanamke wa miaka hamsini na nane ninayewapa watu barua za maadili mema.

Katekista sikumwambia. Tunamwita Redio, maana ukimnong'oneza jambo asubuhi, mchana liko sokoni. Nikasema, yeye kazi yake ni kusoma, atasoma kilichoandikwa.

Jumapili nilifika kanisani kabla ya kengele. Nikakaa benchi la tatu kutoka mwisho, ubavuni, mahali ninapoweza kuona mlango bila kugeuka. Akaja misa ikiwa imeanza. Mzee mrefu, koti la kijivu, kofia mkononi, akakaa benchi la mwisho kabisa karibu na sanduku la sadaka. Hakuna aliyemtambua. Mimi nilimtambua kwa vidole, vimejaa makovu membamba ya kukatwakatwa, kama ya mtu aliyeshika vioo maisha yake yote. Mahubiri ya siku ile usiniulize yalihusu nini.

Ukafika wakati wa maombi. Redio akapanda, akakohoa, akafungua kitabu akakiinua mbele ya uso kama kawaida yake. Ndipo nikaona zile tepe. Siku zote zinaning'inia chini ya kitabu. Leo zilikuwa zimechomoza juu, mbele ya pua yake, wa kijani na mweusi.

Kitabu kilikuwa kichwa chini.

Katekista wetu hakuwa anasoma. Macho yalishamwacha zamani na hakutaka mtu ajue, akawa ameyakariri maombi yote, na kitabu alikishika kwa heshima tu. Nilitaka kusimama. Nikaishia kushika benchi la mbele. Nilisema moyoni, ee Mama Bikira, mkabe koo kidogo tu.

Hakukabwa. Sauti yake ilitoka nzuri kuliko siku zote. "Tuwaombee wafadhili wetu walio hai. Mama wa Vioo, apate afya na faraja."

"Ee Bwana, utusikie," kanisa likaitikia.

"Na marehemu wetu. Mwenye Vioo, apumzike kwa amani."

"Amina," wakasema wote, na watoto wa shule waliokaa mbele ndio waliosema kwa nguvu zaidi, maana ndivyo tulivyowafundisha. Mdogo wangu alikuwa nao. Alinigeukia, uso umemsawajika.

Sikuthubutu kutazama nyuma. Nilisubiri kusikia mlango ukibamizwa. Haukubamizwa. Kila dakika ya misa ile iliyobaki nilikuwa nafunga shule kichwani: leo madawati yanauzwa, kesho ubao unang'olewa, kesho kutwa mdogo wangu anaomba kazi ya kufua. Wakati wa komunyo sikwenda. Ningekwendaje?

Baada ya misa Padre alinifuata mbio. "Kuna mzee anakuulizia. Anasema anamtaka aliyeandika barua. Barua gani?"

"Nitakueleza, Padre. Kama nitakuwa hai."

Alikuwa amesimama ofisini kwangu, anatazama dirisha. Kioo chake kina ufa kwenye kona, nimeuziba kwa gundi ya karatasi. Alipitisha kidole juu ya ufa ule. Meza ilikuwa kati yetu, na kwenye mfuko wa koti lake ilikuwa imechomoza kona ya bahasha ya kaki. Fomu. Macho yangu yaliganda pale.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mjane?"

Nikaitika kwamba ndimi. Akatoa karatasi kwenye mfuko mwingine, si ule wa fomu. Kurasa mbili, zimekunjwa zikafunguliwa mara nyingi hadi mikunjo imechanika. Barua yangu.

"Niliifungua mimi," akasema. "Siku ya nane baada ya kumzika. Nikasoma kwamba nimekufa."

Nilijua ni wakati wa kusema lile la mdogo wangu, kwamba ni ya mtu mwingine, kwamba Posta walichanganya. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini mwandiko ulikuwa pale, na mzee alikuwa ananitazama kwa utulivu uliokuwa mbaya kuliko kelele.

"Ni mimi, Mzee. Nilipata habari nusu, nikamalizia mwenyewe. Padre hajui. Katekista hajui. Watoto ndio kabisa hawana kosa. Kama una hasira nimalizie mimi, nifukuze kazi, nitaandika barua ya kuacha sasa hivi mbele yako. Shule usiiguse, nakuomba."

Akavuta kiti akakaa, akanyoosha barua juu ya meza kwa vile vidole vyake.

"Watu wote waliniambia nijikaze," akasema. "Kadi, simu, majirani, jikaze mzee. Hii haikuniambia hivyo. Hii ilikuwa inamwambia yeye. Usiache kula hata kama chakula kina ladha ya karatasi. Saa za jioni ndizo mbaya, tafuta kazi ya mikono. Viatu vyake usivitoe haraka, hata watu wakikusema." Akainua macho. "Viatu vyake sijavitoa. Kula, nakula. Jioni nakata vipande vya vioo visivyo na mteja."

Nikakosa pa kutazama. Ule ulikuwa uchungu wangu mwenyewe niliouandika, wa mume wangu, na sikumbuki kama niliwahi kumwambia mtu.

"Kwa nini hukujibu, Mzee? Ungenitukana tu, ningerekebisha siku ile ile."

"Ndiyo sababu sikujibu."

Sikumwelewa. Akaona sijamwelewa.

"Kule kwetu mke wangu ni marehemu kila siku," akasema. "Misa zake nimelipia mwaka mzima, anaombewa vizuri, sina wasiwasi naye. Lakini nilijua kuna kanisa moja, mbali huko, ambako yeye ni mgonjwa tu. Watoto wanamwombea apone. Kila Jumapili, saa tatu, nakaa kitandani nasema sasa hivi wanamtaja. Leo nikataka nisikie kwa masikio yangu." Akaikunja barua. "Nimesikia. Naomba nikione hicho kitabu."

Kitabu kilikuwa mezani, Redio alishakirudisha. Ningeweza kukaa juu yake. Ningeweza kujifanya nimezirai, na nusu haingekuwa uongo. Hofu iliyonipata pale ilizidi ile ya kanisani, kwa sababu sasa nilijua nimefanya nini. Mzee akakivuta mwenyewe. Akaenda moja kwa moja kwenye utepe wa kijani, akapitisha kidole, akajikuta yeye. Akarudi akatafuta tena. Kisha polepole akafungua penye utepe mweusi.

Wino ulikuwa bado unang'aa.

"Umeandika lini?"

"Jana."

"Jana saa ngapi?"

"Saa kumi jioni, Mzee. Niliogopa. Nilitaka ukija ukute mambo yako sawa."

Alitikisa kichwa kama mtu anayepewa habari na daktari. "Jana saa kumi," akasema, akaweka kiganja juu ya ukurasa wote, akauziba. Mabega yakaanza kumtikisika. Mimi nilisimama pale mikono ikining'inia. Nje watoto walikuwa wanacheza mpira ukutani, ukigonga, ukigonga.

Baada ya muda mrefu alijifuta kwa kofia. Akatoa ile bahasha ya kaki. Nilidhani anaichana, nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa ameshachukua kalamu yangu ya bluu, anasaini. Fomu ina mistari miwili, wa mume na wa mke. Akasaini wa kwake. Wa pili akautazama, akauacha mtupu, akanisogezea karatasi.

"Yule mzee anayesoma," akasema. "Haoni, siyo?"

"Haoni, Mzee. Nimejua leo. Tutamtafutia miwani, nakuahidi."

"Msimtafutie."

Nikamtazama.

"Mwacheni aseme kwa kichwa, kama alivyozoea. Kitabu kiwe sawa, kanisa ni kanisa. Yeye mwacheni."

"Lakini wewe utabaki kwa marehemu."

"Mimi nimeshazoea," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. Akavaa kofia, akatoka. Mlangoni Padre alikuwa amesimama, sijui tangu lini. Alimpisha kwa heshima, kisha akaniangalia, nami nikamngojea anikaange.

"Padre, ni uongo kanisani?"

Alifikiri. Ni kijana, lakini anafikiri. "Mungu anajua nani yuko wapi," akasema. "Wewe kwenye maungamo njoo, hata hivyo. Ile ndoo nyuma ya choo niliiona jana."

Mdogo wangu alikuwa akinisubiri chini ya dirisha. Nikamwonyesha fomu kupitia kwenye kioo. Alikaa chini mchangani na gauni lake la Jumapili, akalia, akacheka, watoto wakamzunguka wakiuliza mwalimu ana nini.

Hiyo ilikuwa mwaka jana. Shule ipo. Kioo cha ofisi yangu ni kipya, alikuja kukitia mwenyewe, akanilaumu kwa gundi ile. Jumapili moja moja huja, hukaa benchi la mwisho, na Redio akisema apate afya na faraja, namsikia mzee akiitikia kabla ya watu wengine. Anakonda. Akipanda ngazi za kanisa husimama katikati, mkono kifuani, akijifanya anatazama mandhari.

Zamani nilikuwa naogopa shule isije ikafungwa. Siku hizi simu ya ofisi ikilia asubuhi nikaona ni namba ya karani wa Mfuko, naiacha ilie mara tatu ndipo naipokea. Siku ya mzee ikifika, Redio hatalazimika kubadili neno, na sitahitaji kuuliza aliyefariki ni nani. Nitakaa mezani na karatasi zangu na kalamu ya bluu, na barua ya rambirambi sitakuwa na wa kumwandikia.